Kadi ya Almasi na Swali la Cucu

Wiki jana mliniacha nikicheka. Nilikuwa nimepata kazi.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Wacera wa Mweiga, mwenye diploma ya utalii na ulimi usiojua kulala. Hoteli moja ilinifuta kazi kwa sababu ya ulimi huo. Mchumba wangu akahamia Nanyuki, na redio yangu akahama nayo. Halafu Gladwell, mwanamke wa Meru mwenye ofisi ya safari juu ya duka la viatu mjini Nyeri, akanipa kiti, taipureta, na dirisha la kutazamia soko.

Leo sicheki. Hadi sasa nimewasimulia niliyotendewa. Leo nawaambia nililotenda mimi, na nikimaliza, anayetaka kutema mate na ateme. Mimi nimeshatema.

Safari ilikuwa ya wanawake wa kanisa letu. Kumi na tisa, wengi wao wajane, waliouza maziwa na viazi miaka mitatu ili waende kuuona mto Yordani kwa macho yao. Cucu wangu, mama aliyemzaa baba, alikuwa mmoja wao. Aliuza mtamba wake aliyempenda kuliko baadhi ya watoto wake.

Mwenyekiti wa safari ya wanawake alikuwa mwanamume. Msiniulize kwa nini.

Jina lake Mzee Wamae. Ana malori ya maziwa, ana suti tatu, na kanisani hukaa benchi la mbele. Zaidi ya hayo, ni yeye peke yake kati yetu ambaye benki zingempa ile kadi ya wasafiri wakubwa, kadi ya plastiki unayolipia tiketi leo na kudaiwa baadaye. Wanawake wangemkabidhi fedha zao, yeye angelipia tiketi zote kwa kadi. Hivyo ndivyo walivyokubaliana.

Swali likabaki moja: kadi ipi?

Alipanda ngazi zetu Jumatatu asubuhi na vijitabu viwili vinavyong'aa, akavitupa juu ya meza yangu.

"Msichana wa diploma, nisomee hii maneno. Nataka kujua ni gani iko na faida."

"Faida kwa nani, mzee?"

"Kwa mwenye kadi. Kwani kadi ni ya nani?"

Gladwell hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake la hesabu. "Na wanawake je, Mzee Wamae?"

"Wanawake si watapanda ndege? Ndege ni ileile."

Nikafungua kijitabu cha kwanza, cha kadi iitwayo Kilele.

"Kilele wanatoa bima ya hospitali kwa kila abiria ambaye tiketi yake imelipiwa na kadi yao, hadi umri wa miaka sabini na mitano. Mzigo ukipotea, wanalipa. Na abiria akifariki ng'ambo, wanarudisha mwili mpaka nyumbani kwao."

"Hiyo ni kadi ya matanga. Soma hiyo ingine."

"Almasi. Ukiwa na Almasi, hukai na watu uwanja wa ndege. Una chumba chako na wakubwa wenzako, viti vya ngozi, sambusa, divai bila malipo..."

"Sisi hatunywi."

"...na maji ya machungwa. Ukinunua tiketi kumi na zaidi, mwenzi wako anasafiri bure. Halafu siku mbili katika hoteli ya kando ya ziwa, bure pia."

"Ehe," alisema Wamae, akakaa. "Hapo sasa umeongea."

Alinitazama kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Wakati huo nilidhani ananipimia akili.

"Huyo mwenzi, ni lazima awe bibi ya mtu?"

"Hawajasema hivyo."

"Bibi yangu magoti imekataa. Lakini safari kubwa inataka sekretari. Mtu wa kuongea na wazungu huko, ajaze makaratasi. Umewahi panda ndege, Wacera?"

Sijawahi. Nimeichora ndege kwenye mtihani na kutaja milango yake yote ya dharura nikapata alama tisini na moja. Nimewaandikia watu tiketi za kwenda miji ambayo naweza kuitamka vizuri kuliko wao. Kuipanda, sijawahi.

"Bado, mzee."

"Basi jiandike hapo kwa fomu, mwanangu. Kwa mwenzi."

Nikajiandika. Kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ambao walimu wangu walikuwa wakiwaonyesha wanafunzi wengine.

Sasa ungamo lenyewe. Ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu cha Almasi, kwa herufi ndogo kama mbegu za terere, palikuwa na mstari mmoja. Hospitali, na kurudishwa kwa mwili, ni kwa abiria asiyezidi miaka sabini. Niliusoma. Nikausoma tena. Kisha nikapiga taipu ukurasa mzuri wa kulinganisha kadi hizo mbili, huku na huku, na mstari ule sikuutia.

Jumapili nilisimama mbele ya wanawake baada ya ibada nikawasomea. Niliipamba Almasi kama bibi arusi. Walipiga makofi waliposikia sambusa. Magdaline, katibu wao, akauliza kama chumba kile cha wakubwa kina choo. Nikamwambia kina vyoo viwili. Makofi tena.

Cucu peke yake ndiye aliyeinua mkono kama mtoto wa shule. Ana presha. Daktari alimruhusu kusafiri, lakini alimwambia asikae mbali na hospitali.

"Mimi niko na swali moja tu. Nikifia huko, nitaletwa? Sitaki kulala kwa mchanga ya watu. Nataka kulala hapa kando ya mzee wangu."

"Utaletwa, Cucu."

Akaketi, akatabasamu. Hakuuliza lingine.

Nilijitetea moyoni. Cucu alizaliwa mwaka wa nzige, hilo amelisema maisha yake yote, na mwaka wa nzige nilikuwa nimeufuatilia shuleni. Miaka sitini na minane hivi. Yuko ndani ya bima. Wengine ni rika lake. Nani basi nimemdanganya?

Nikalala usingizi mtamu juma zima.

Jumatano iliyofuata Gladwell aliniita mezani kwake. Alikuwa amepanga fotokopi za vipande, vile vitambulisho vya wanawake, kama karata.

"Wacera, kuja hapa. Hawa nyanya zako ni mapacha?"

"Mapacha wapi?"

"Soma mwaka ya kuzaliwa."

1924. 1924. 1924. Nikafika cha saba, kikiwa cha Cucu. 1924.

"Kumi na wanne," alisema Gladwell. "Kumi na wanne kati ya kumi na tisa, wote mwaka moja. Huyo mama yao alikuwa nani, sungura?"

Alicheka hadi akafuta macho. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Una nini?"

"Sabini na tatu," nikasema. "Kwenye karatasi wana miaka sabini na mitatu."

Siku hiyohiyo nilienda nyumbani. Cucu alikuwa nje ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi.

"Cucu, kipande chako kinasema ulizaliwa elfu moja mia tisa ishirini na nne."

"Wacha kiseme."

"Nani alikiambia hivyo?"

Akacheka, kisu kikasimama. "Si ule mwaka wanawake walianza kupewa kipande? Karani alikuja kwa chifu, sisi tukapanga laini, na mvua ilikuwa inakuja. Wa mbele alikuwa Nyina wa Gatimu. Karani akamuuliza alizaliwa lini, yeye akamwambia aandike vile anaona. Karani akaangalia meno yake, akaandika hiyo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nyuma yake. Akaniuliza, wewe na huyu ni rika moja? Nikasema ndio. Wa nyuma yangu akasema ndio. Wa nyuma yake ndio. Mpaka mwisho ya laini."

"Lakini Nyina wa Gatimu ni mkubwa wenu! Ni mkubwa sana!"

"Sasa wewe ungetaka niseme nini? Ati mimi ni mtoto, na yeye amesimama hapo ananisikia? Tulikuwa tunalimiana shamba na yeye. Hakuna mtu angekubali kuitwa mtoto mbele ya wenzake juu ya karatasi ya serikali."

"Na nzige, Cucu? Si ulizaliwa mwaka wa nzige?"

"Nzige haikuwa kwa fomu yake."

Akaendelea kumenya. Alikuwa amefurahi kukumbushwa siku ile. Mimi nilikaa chini pale kwenye maganda.

Kumi na wanne. Nje ya bima, kwa kalamu ya karani aliyekuwa anakimbia mvua, na kwa mdomo wangu uliofungwa.

Bado palikuwa na njia. Gladwell alikuwa ameniambia kwamba tiketi, alizokwisha kuziagiza kwa nambari ya Almasi, zingeweza kurudishwa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, bila hasara. Watu wa Kilele walikuwa tayari kutoa kadi kwa jina la kikundi chenyewe, kwa dhamana ya fedha ambazo wanawake walikuwa wameshachanga. Kilichohitajika ni mwenyekiti kukubali, au wanawake wenyewe kumlazimisha.

Jumanne nikamwendea Wamae dukani kwake Mweiga.

Alikuwa nyuma ya duka, kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, amemaliza kula nyama. Kadi ya Almasi ilikuwa imefika. Nilijua imefika kwa sababu alikuwa akijichokonoa meno kwa pembe yake.

Alichokonoa, akaitazama, akaipangusa kwenye suruali, akachokonoa tena.

"Sekretari wangu!" alisema. "Keti. Umeona kitu? Dhahabu kabisa."

"Mzee, tubadilishe kadi." Nikamweleza yote: umri, vipande, kumi na wanne, Ijumaa saa sita, Kilele.

Alinisikiliza hadi mwisho, ulimi ukitafuta nyama shavuni.

"Na tiketi ya bure?"

"Itapotea."

"Na hoteli?"

"Itapotea pia."

"Basi hiyo si kubadilisha. Hiyo ni kutupa." Akafungua droo, akatoa karatasi ya faksi. "Wewe hujaona hii. Imekuja jana. Soma."

Nikasoma. Hoteli ya kando ya ziwa inafurahi kuwapokea Bwana Wamae na mwenzi wake. Chumba kimoja. Kitanda kimoja.

Nikadhani wamekosea. Hadi hapo, wasomaji wangu, mimi mwenye diploma nilidhani watu wa hoteli wamekosea.

"Mzee, hapa wameandika chumba kimoja."

"Ni ya bure, mwanangu. Ya bure hawapeani mbili."

"Na kitanda kimoja."

"Kikubwa," alisema Wamae.

Ana miaka hamsini na tisa. Alinibeba begani siku nilipobatizwa, hata picha ipo. Mwanangu, mwanangu, na huku jino likichokonolewa.

"Mimi siendi huko na wewe."

"Usijifanye mtoto hapa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akatoa karatasi nyingine, fomu ya Almasi, akaweka kidole chenye mafuta kwenye mstari wa mwenzi. "Hii ni mkono ya nani? Nilikushika? Ulijiandika na raha yako. Na hiyo karatasi ulisomea akina mama, hiyo ya sambusa, ni mimi niliandika? Miaka sabini iko kwa kitabu. Wewe ndiye msomaji."

Niliutazama tena ule mstari wa mwenzi.

"Sasa sikia. Kesho uende upige taipu karatasi ndogo. Ati kila mama ambaye amepita sabini anasafiri kwa kupenda kwake, na kikitokea kitu hakuna mtu ataulizwa. Alhamisi tuko na mkutano. Wataweka kidole, tumalize."

"Na wakifia huko?"

"Mungu ni bima yao." Akairudisha kadi mfukoni, ikiwa na mate yake. "Ukitaka kuongea, ongea. Na mimi niko na mdomo, niko na hii fomu."

Nilitoka nikapitia kando ya mikebe ya maziwa, nikatapika. Dereva mmoja wa lori aliniuliza kama nina malaria.

Nilichukizwa na harufu ya yule mzee, lakini nisiwadanganye. Kilichonitapisha zaidi ni mwandiko wangu. Ulikuwa mzuri sana pale kwenye fomu.

Na Jumatano nilipiga taipu ile karatasi. Ndiyo. Mimi. Gladwell alisimama nyuma yangu akaisoma hadi mwisho.

"Ukinyamaza, sitakufuta," alisema. "Ukiongea, sitakufuta. Kazi iko. Lakini wacha kulia juu ya taipureta yangu, itashika kutu."

Alhamisi saa nane ukumbi wa kanisa ulijaa vitambaa vyeupe vya kichwa. Wote kumi na tisa walikuwapo. Wengine walikuwa wameshanunua viatu vya safari na walikuwa wamevivaa ili vizoee miguu. Cucu alivaa vyake, vya kahawia, akitembea kwa adabu kama anayekanyaga mayai.

Wamae aliomba. Aliomba kwa mapana na marefu, akawaombea marubani, akaniombea hata mimi, "binti yetu ambaye Bwana amempa kalamu."

Kisha Magdaline akaweka mezani ile karatasi na kikopo cha wino, kwa kuwa wengi wao huweka kidole gumba badala ya sahihi.

"Hii ni ya nini, mzee?" Magdaline aliuliza.

"Ni ya ndege. Ni kawaida yao. Wacera atawasomea."

Nikasimama. Nikaishika. Maneno nilikuwa nimeyapiga mwenyewe, lakini hayakutoka.

"Kwani ni lazima tusomewe?" Cucu alikuwa ameshanyanyuka. "Si ni Wacera ameandika? Mimi niliuliza swali yangu moja na akanijibu mbele yenu. Leta hiyo wino, mimi nianze."

"Nyina wa Mutahi anataka kukaa dirishani!" mmoja akapiga kelele, na ukumbi ukacheka. Mutahi ni baba yangu.

"Dirisha ni yangu," alisema Cucu. "Nyinyi mtaangalia kisogo yangu mpaka Yordani."

Alifika mezani kwa viatu vyake vipya. Akachovya kidole gumba. Akanichukua karatasi mkononi kwa upole, akailaza, akatafuta pahali pake.

"Cucu, ngoja."

"Ni hapa chini ama hapa?"

"Cucu, usiweke."

Kidole kikasimama.

Nikasema. Sikusema kwa ufasaha, na hilo bado linaniuma, kwamba siku niliyouhitaji ulimi wangu ulikuwa mzito kama wa mlevi. Nikasema bima ya Almasi inaishia miaka sabini. Nikasema vipande vyao vinasema sabini na mitatu. Nikasema anayeugua huko hatatibiwa kwa kadi hii, na anayefia huko hakuna wa kumleta, na karatasi hii ni ya kukubali hivyo. Nikasema kuna kadi nyingine, na wanawake wakikataa, Mzee Wamae hana la kufanya, na mwisho ni kesho saa sita.

Nikasikia viatu vipya vikilia chini ya mabenchi.

Wamae hakukasirika. Aliinuka taratibu, akatia mkono ndani ya koti.

"Sawa," alisema. "Msichana amesema yake. Sasa muulizeni tiketi ya bure iko na jina ya nani." Akaifungua fomu, akaiinua juu ili hata wa nyuma waione. "Magdaline, wewe umesoma. Soma hapa."

Magdaline alivaa miwani. Midomo yake ikasogea. Kisha akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Ni Wacera," alisema. "Huyu."

Kelele ikalipuka. Mmoja akaniita jina ambalo mhariri hatalichapa. Mwingine akamgeukia Wamae, "Na wewe ulitaka kwenda na huyu mtoto wapi?" Wamae akawa anainua mikono kama anayetuliza ng'ombe. Mimi nikafungua mdomo niwaambie habari ya chumba kimoja na kitanda kimoja kikubwa.

Cucu akagonga meza kwa mkono usio na wino. Mara moja tu.

Wakamgeukia.

Hakumwangalia Wamae. Fomu hakuitazama. Aliniangalia mimi, na uso wake haukuwa na hasira, afadhali ungekuwa nayo.

"Ile Jumapili niliuliza kama nitaletwa."

"Ndiyo, Cucu."

"Ukaniambia nitaletwa."

"Ndiyo."

"Hiyo maneno ya sabini. Siku hiyo, ulikuwa unaijua?"

Tazameni mlango uliofunguka hapo. Ningesema sikujua. Vipande nilikuwa sijaviona bado. Nilimhesabia miaka sitini na minane, kweli kabisa. Neno moja dogo, nusu yake kweli, na lawama yote ingebaki kwa yule mwenye kadi yenye mate. Cucu angeniamini. Ndilo jambo baya kuliko yote, angeniamini palepale.

Wamae aliliona hilo pia. Alitabasamu, na katikati ya meno yake mawili ya mbele bado palikuwa na uzi wa nyama.

Kidole cha Cucu kilikuwa kingali hewani, cheusi, kikidondosha wino juu ya karatasi niliyoipiga taipu mwenyewe.

"Nimekuuliza, Wacera. Ulikuwa unajua?"